Mgeni wangu amekula kwa mkono wa kushoto, nani amwambie?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi na wazazi wangu na bibi mzaa baba hapa Ujiji. Nimemaliza stashahada ya uuguzi, ajira bado, na najifunza Kijerumani kwa sababu nataka kwenda kufanya kazi Ujerumani. Wanataka ufike ngazi ya B2 ya lugha hiyo. Hapa Kigoma mwalimu sijampata, na kwenda kukaa Dar es Salaam nisome Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, uwezo huo sina. Ndipo nikaingia kwenye programu moja ya simu inayokutanisha watu wanaotaka kubadilishana lugha, nikampata mama mmoja Mjerumani. Tumwite Helga, ingawa si jina lake. Ni mstaafu, kwa umri ni kama mama yangu mkubwa.

Zaidi ya mwaka sasa tunapigiana simu ya video jioni, nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili. Tulipatana tangu mwanzo kwamba kila mmoja amrekebishe mwenzake bila kuogopa, na yeye kweli haogopi. Nikikosea ananikatiza hapo hapo, ananipa sentensi sahihi, tunaendelea. Mwanzoni nilikuwa naumia. Sasa naona bila yeye nisingefika nilipofika.

Mwezi huu amekuja Kigoma, amefikia lodge moja kule Mwanga. Alitaka kunitembelea, alitaka pia kuiona meli ya Liemba, maana kwao si mbali na Papenburg, mji ilikoundwa meli ile mwaka 1913 kabla haijaletwa kwenye masanduku na kuungwa huku. Baba zamani alikuwa akisafiri na Liemba mpaka Kasanga, basi walipokutana hawakumaliza maneno. Nyumba nzima ilimpenda.

Ijumaa mama akamwalika chakula cha mchana. Ilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani na taa zao, samaki wameadimika. Mama alitoka alfajiri kwenda Kibirizi, akarudi na migebuka wanne kwa bei ya kuruka. Akawachemsha, akawaunga kwa mawese, akasonga ugali wa muhogo, na kisamvu pembeni. Baba na kaka zangu walikaa na sinia lao, sisi wanawake mkekani na letu.

Mdogo wangu akapita na birika na beseni. Helga akanawa mikono yote miwili, akauliza kwa Kiswahili chake, "Naanza vipi?" Mama akamwonyesha: unamega, unafinyanga, unabonyeza kwa kidole gumba, unachovya. Helga akamega kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia kaulaza mapajani. Alifinyanga tonge vizuri kuliko nilivyotarajia, akachovya, mawese yakamtiririka mpaka kwenye saa aliyovaa mkono huo huo. Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono sinianeni. Akaurudisha, akauweka gotini, na hakula tena. Hakusema kitu. Mama akanitazama. Mimi nikainama.

Hayakuishia hapo. Mama alipomwambia aongeze, Helga alisema, "Hapana, asante, nimeshiba." Mama akamwekea kipande kingine cha samaki, Helga akarudia kwa sauti kavu kidogo, "Hapana." Na wakati wa kuaga akamuuliza baba mbele yetu sote, "Nichangie shilingi ngapi ya chakula?" Baba akacheka, akasema wewe ni mgeni wetu. Mama hakucheka.

Sasa Helga amekwenda Mahale kuona sokwe. Usiku ule ule aliniandikia: "Nimefurahi sana. Niambie kwa ukweli, nilikosea wapi?" Nimemjibu tutaongea akirudi. Akirudi tu, kuna arobaini ya mtoto wa dada yangu, na yeye amealikwa. Watakuja wanawake wa mtaa mzima, pilau kwenye masinia, watu watano watano. Mama anasema huyu mgeni ni mashoto, nimwambie kabla, la sivyo wenzake watanyanyuka sinianeni. Baba anasema mgeni hakosolewi, na kwenye nyumba yake mgeni akila kwa mguu amekula. Bibi amenyamaza.

Naogopa kumuumiza, naogopa pia kumpoteza, na mtihani wangu uko karibu. Halafu Shangazi, nitaanzaje, wakati namwamkia shikamoo?

Nimwambie, au ninyamaze?

Binti wa Ujiji

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma yote, kisha nikarudi pale mkekani nikasoma tena. Naona umeyafunga pamoja mambo ambayo kila moja lina mwenyewe. Lipo la mkono, linalomhusu bibi na majirani watakaokuja. Lipo la kushiba na la pesa, linalomhusu zaidi mama yako. Na lipo lako wewe, uliyelelewa usimkosoe mkubwa, na leo mkubwa mwenyewe anakuomba umkosoe. Hili la mwisho umeliweka kwenye mstari mmoja chini kabisa ya barua, na mimi nadhani ndilo linalokukosesha usingizi kuliko tonge.

Nianze na mkono. Mama amesema ni mashoto na wewe umelipokea hivyo hivyo. Je, una hakika? Mmeonana kwenye video zaidi ya mwaka, na bila shaka umemwona akiandika. Alikuwa akishika kalamu mkono gani? Saa unasema anaivaa kushoto, na watu wengi huivaa mkono ambao hawauandikii. Nakuuliza kwa sababu kwa Wajerumani mezani kisu hushikwa mkono wa kulia na uma wa kushoto, na mlo unaenda hivyo mpaka mwisho. Maana yake mkono unaopeleka chakula mdomoni kila siku, tangu utotoni, ni wa kushoto, hata kwa mtu ambaye kazi zake zote anazifanya kwa kulia. Mwondolee uma, mkalishe mkekani, mwambie amege: mkono wake unaweza kufuata njia unayoijua bila yeye kufikiri. Kama ni hivyo, hapa pana mazoea tu. Ukimwonyesha atabadilisha, na huenda atashangaa mlichelewa kumwambia.

Lakini yawezekana pia mama yako ameona sawa. Na hapo nataka uende polepole, kwa sababu umri wake unanipa mashaka. Ujerumani ya utoto wake haikuwa hii ya leo. Mpaka miaka ya 1970 shule nyingi kule ziliwalazimisha watoto wa mkono wa kushoto kuandika kwa kulia. Wengine walichapwa vidole, wengine walifungwa ule mkono ili wasiutumie. Wapo watu wazima wa rika lake wanaoandika kwa kulia, na kila kitu kingine, kuanzia mkasi mpaka kijiko, wanakifanya kwa kushoto, na bado wanakumbuka walivyoambiwa mkono wao ni mbaya. Sisemi Helga ni mmoja wao. Nasema hujui, wala mimi sijui, na tofauti ni kubwa kati ya kumfundisha mtu jambo jipya na kumgusa mahali palipowahi kuumizwa. Sisi wenyewe tunao watu wa namna hiyo majumbani mwetu, waliopigwa rula darasani kwa kosa hilo hilo. Waulize watu wazima wa Ujiji, hutakosa mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia, ningependa umuulize. Swali jepesi tu, mkiwa wawili: "Mama, wewe unaandika kwa mkono gani? Na kula je?" Jibu lake litakuonyesha unaongea na mtu yupi.

Umesema unaogopa kumuumiza. Nakuelewa, ila naomba uangalie vizuri hofu hiyo inatoka wapi. Yeye ndiye aliyekuandikia, usiku ule ule, kabla mawese hayajatoka kwenye kamba ya saa, akitaka kujua alikosea wapi. Mtu asiyetaka jibu haulizi hivyo. Huenda aliona bibi alivyorudisha mkono. Watu hufikiri mgeni haoni, kumbe mgeni ndiye anayetazama nyuso kuliko wote, kwa sababu maneno hayajui vizuri. Yawezekana sasa hivi kule Mahale anayarudia mambo ya Ijumaa kichwani na kujilaumu kwa jambo ambalo silo kabisa, pengine kwamba alifika kabla ya wakati au alikaa vibaya mkekani.

Upande mwingine, mapatano yenu yalikuwa ya lugha. Kumrekebisha aliyesema "mtu wawili" aseme "watu wawili" si sawa na kumrekebisha mkono wake mbele ya chakula cha mama yako. Inawezekana kwake yote ni mamoja. Inawezekana la mwili lina uzito mwingine. Mkikaa, unaweza kumwambia hivyo hivyo: tulipatana kurekebishana Kiswahili na Kijerumani, je, na desturi za nyumbani zimo? Ukimpa nafasi ya kujibu hilo kwanza, zile adabu zako za shikamoo hutakuwa umezivunja. Utakuwa umeomba ruhusa kwa mkubwa, na hilo kwetu halijawahi kuwa kosa.

Unaweza pia kulipitisha kwa mzunguko, useme "sisi kwetu huwa tunakula kwa kulia", bila kutaja Ijumaa. Wengi wetu tungefanya hivyo, na ni njia ya heshima. Hatari yake ni kwamba huyu ni mtu aliyezoea kuambiwa moja kwa moja. Anaweza kuja kugundua baadaye kwamba nyumba nzima ilimwona, ikamzungumza, na rafiki yake akamzunguka. Hilo linaweza kumuuma kuliko mkono wenyewe. Kumwandikia kwenye simu nako sikushauri sana. Ujumbe hauna sura. Ataufungua peke yake, na tafsiri ya simu, na neno moja lililokaa vibaya litamharibia safari.

Tena si lazima awe wewe. Kwetu mwanamke mzima huelekezwa na mwanamke mzima mwenzake, jikoni, mikono ikiwa kwenye kazi. Mama yako anaweza kumwita siku moja kabla ya arobaini, wachambue mchele pamoja, wamenye vitunguu swaumu, kisha waonje pamoja na amwonyeshe. Naipenda njia hii. Nina wasiwasi nayo pia, kwa sababu mama bado ana donge, na mtu mwenye donge hata sauti yake ya kuelekeza huwa na makali. Itategemea moyo wake umetulia kiasi gani.

Kuna wazo la kijiko. Siku hizi kwenye shughuli nyingi sahani na vijiko havikosekani. Lakini atakishika mkono gani? Ukimpa sahani yake pembeni umemtoa sinianeni, na sinia ndilo alilolifuata kutoka mbali. Wengine hawajali kula peke yao, wapo watakaolia wakifika lodge. Unamjua kuliko mimi.

Na kunyamaza, kama anavyotaka baba? Silidharau neno lake. Kuna ukarimu mkubwa ndani yake, ni malezi ya watu wa bandari na njia kuu ya safari, waliopokea wageni wa kila namna. Nyumbani kwake linawezekana. Ila arobaini haitakuwa na baba sinianeni. Watakuwepo wanawake wanne asiowajua, na wakijitenga atakiona kitendo bila kujua sababu. Pia jiulizeni nyumbani: mtu anayezungumza nawe kila wiki, anayealikwa kwenye arobaini ya mjukuu wenu, bado ni yule mgeni anayesemwa na baba? Siku mbili zake za ugeni zimepita zamani. Pengine mama anapotaka aambiwe, anamkaribisha kwa namna yake.

Kwa kuwa nyumba yenu ni ya dini, kuna hadithi ambayo nina hakika uliisoma madrasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akila na Umar bin Abi Salama, mtoto aliyekuwa akimlea, na mkono wa mtoto ukawa unazunguka kila upande wa sahani. Akamwambia ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu yake. Basi. Nalipenda tukio hilo kwa sababu lilisemwa hapo hapo, kwa maneno machache, na mlo ukaendelea. Hakuna aliyenyanyuka. Najua yule alikuwa mtoto wa nyumbani, na wa kwako ni mtu mzima wa kwao na mila zake, kwa hiyo huwezi kulichukua lilivyo. Ila wanaosema desturi hii haitamkiki mbele ya chakula wasome tena. Na kama itatokea kwamba mkono wake wa kulia una tatizo, mwenye udhuru anajulikana na anasamehewa, na hilo utawaambia akina mama mapema ili wasimdhanie vibaya.

La "nimeshiba" ni jepesi kwako, na zito kwa mama. Kwa Helga, hapana ya kwanza ndiyo ya mwisho, na kubakiza chakula ulichowekewa ni kukitupa. Kipande cha pili kilipotua mbele yake alijiona hasikilizwi. Mama naye, aliyetoka alfajiri kwenda Kibirizi kwenye mbalamwezi, aliposikia hapana kavu alisikia kwamba migebuka wake hawakupendeza. Mimi ningekuwa wewe ningemkalia mama kwanza kabla ya Helga. Umuulize taratibu kilichomuuma ni kipi hasa. Nina shaka kidogo kama ni mkono. Na kama Helga alikusifia chakula kile kwenye ujumbe wake, mama amesomewa? Mtafsirie neno kwa neno, na jina la samaki litajwe.

Kuhusu pesa, usiipeleke mbali. Hata kwao mtu akialikwa nyumbani halipi. Hupeleka maua au chokoleti. Kila mtu kulipa chake ni kwa hotelini. Kwa hiyo lile swali halikuwa desturi ya Wajerumani, lilikuwa woga wa mtu anayejua ana fedha kuliko mwenyeji wake na hataki kuwa mzigo. Mweleze kwamba akitaka kumfurahisha mama, aje na kilo mbili za sukari au mche wa sabuni, ampe jikoni bila hotuba. Na mwambie siku ya arobaini pesa ina mahali pake. Akimtunza mtoto, mbele ya wanawake wote, watampigia vigelegele. Asije akafika mikono mitupu kwa kukumbuka kicheko cha baba.

Umetaja mtihani, na nimeona umeutaja kwa aibu. Usione aibu. Unamhitaji, naye anakuhitaji kwa Kiswahili chake, na urafiki ukiwa na faida ndani yake haugeuki kuwa wa uongo. Ila pima: je, unasita kumwambia kwa ajili yake, au kwa sababu ya B2 yako? Ukijua jibu, hata ukiamua kusubiri mpaka mtihani upite, utasubiri ukijua kwa nini, na utajua pia arobaini haitakusubiri.

Amebaki bibi. Baba ana msimamo, mama ana msimamo, na wewe umeniandikia mimi niliye mbali. Kwenye barua nzima sijaona mahali ambapo mmemuuliza aliyerudisha mkono. Pengine alichukizwa. Pengine alishiba, wazee hula kidogo. Pengine alikuwa akimwachia mgeni samaki kwa kuwa walikuwa wanne tu. Pengine anaye ndugu aliyekuwa mashoto na ana lake la kusema. Kaa naye jioni moja, kabla boti ya Helga haijarudi, umuulize angependa mgeni aambiwe vipi, na na nani. Kama atasema "mleteni nikae naye mimi", mkalishe ubavuni kwake siku ya arobaini.

Mfikishie bibi shikamoo yangu, na ukiweza niandikie alivyojibu.

Shangazi